Aliyeomba Maji Kuromori

Mto wa pili ulikuwa na joto.

Mineko Hatano alikuwa ameingia chumbani muda huo huo, theluji bado imemganda mabegani, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba godoro lilikuwa limeshatandikwa sakafuni saa tisa mchana, wakati nyumba za wageni za milimani hutandika baada ya chakula cha jioni. La pili ni kwamba mito ilikuwa miwili. Akachutama ausogeze mmoja pembeni, na kiganja chake kikakuta joto, kama vile aliyeulalia ameinuka sasa hivi kwenda kunawa uso.

Akashuka ngazi.

"Nimekuja peke yangu, Bibi," alisema. "Nilikuambia kwenye simu."

"Peke yako, ndiyo." Bibi Fusae Kurihara, mwenye nyumba, hakugeuka. Alikuwa jikoni anakatakata figili, mwanamke wa miaka sabini ambaye mgongo umeanza kupinda lakini mikono bado ina kasi. "Nimekosea mito. Uzee huu."

"Mmoja una joto."

Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. "Chumba hicho kiko juu ya jiko la mafuta," alisema Bibi Fusae. "Joto hupanda."

Jibu lilikuwa la kuridhisha, na Mineko alitaka kuridhika. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mkazi wa Nagoya, na kazi yake ilikuwa kurekebisha sauti za piano. Alikuwa ametoka kumaliza piano za shule saba mfululizo, akaomba siku tatu za mapumziko aje kuuona moto wa Kuromori. Aliuona kwanza kwenye picha iliyobandikwa stesheni: mnara wa magogo mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, wanaume wamekaa juu yake kwenye theluji, na wanaume wengine chini yao wakija na mienge kuuchoma. Alipopiga simu kuomba chumba, Bibi Fusae hakumuuliza atakula nini wala atafika saa ngapi. Alimuuliza, "Ni mwanamke? Unakuja peke yako?" Mineko alipoitikia, akaambiwa chumba bora cha ghorofani, kile cha kona kinachotazama uwanja, kwa bahati kiko wazi.

Aliporudi juu alikuta harufu ya nywele zilizoungua.

Akafungua dirisha. Nje kulikuwa na baridi tupu na sauti za wanaume waliokuwa wakipandisha mafungu ya majani makavu kileleni mwa mnara. Akalifunga, harufu ikarudi. Akaketi ukutani asikilize kama kuna kitu kinaungua huko chini, na ndipo alipoisikia pumzi.

Mtu mwingine angesema ni upepo. Lakini upepo hupanda na kushuka, na masikio ya Mineko yalikuwa yamefanya kazi miaka kumi na minne ya kutofautisha sauti na sauti. Hii ilishika noti moja tu, chini kidogo ya ile iitwayo la, ikatua, ikashika tena, kama ya mtu anayezihesabu pumzi zake kwa sababu kila moja inamuuma. Na haikutoka nje. Ilitoka upande wa godoro.

Chakula cha jioni kililiwa mapema, kwa sababu ya moto. Mezani alikuwapo Tetsuji, mtoto wa pekee wa Bibi Fusae, jitu lenye mabega mapana na kicheko cha karibu. Mwaka huo alikuwa ametimiza arobaini na miwili, umri wa mkosi kwa mwanamume wa pale, kwa hiyo yeye na wenzake saba wa umri huo ndio walioujenga mnara na ndio watakaoukalia, ili kijiji kiwatishe kwa moto mpaka mkosi uwatoke. Vijana wa miaka ishirini na mitano husimama chini kuwakinga. Mwisho wa yote wazee wa arobaini na miwili hushuka, na mnara huachwa uungue.

"Dada wa mjini," alisema Tetsuji akimmiminia supu ya soya, "nikiiva huko juu, mwambie mama asiguse pikipiki yangu. Nimemwahidi binamu."

"Funga mdomo wako," alisema Bibi Fusae, na hakuwa akitania.

Mineko akauliza polepole, "Ghorofani kuna mgeni mwingine? Mgonjwa labda?"

Tetsuji aliweka vijiti vyake mezani. Hakumtazama Mineko. Alimtazama mama yake.

"Mama. Umempa chumba cha kona?"

"Kula."

"Nilikuambia mwaka huu usi..."

"Kula, wenzako wanakungoja."

Hakula tena. Mlangoni, akifunga viatu vya majani, alimwita Mineko kwa kichwa na kumnong'oneza: "Ukienda kutazama, kaa mbali na ile kamba inayozunguka mnara. Usiivuke. Hata ukiitwa, usiivuke."

"Nani ataniita?"

Tetsuji alitupa jicho jikoni. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja tu. Nilifungiwa kwa jirani, nikasikia kelele, basi. Muulize mama. Hatakujibu."

Akatoka. Mineko akabaki amesimama na hasira inayomjia taratibu, maana hakuna kitu alichokichukia kama watu wanaokupa nusu ya neno na kujificha na nusu nyingine. Akapanda juu kuchukua koti lake ahamie nyumba nyingine usiku huo huo. Godoro alilokuwa ameliacha limenyooka sasa lilikuwa limebonyea katikati, urefu wa mtu, na shuka lilikuwa limeshika unyevu wa manjano wenye madoa meusi. Akalivuta koti ukutani. Alipoingiza mkono wa pili, kiganja kikamshika bega kwa nyuma, kiganja cha moto kiasi kwamba joto lilipita kwenye sufi na shati na kumfikia ngozini, na halikuwa shiko la kutisha, lilikuwa shiko la mtu anayejiegemeza ili aweze kusimama.

"Niache," Mineko alinong'ona. "Tafadhali, niache."

Hakuachwa. Alishuka ngazi na ule uzito begani, akampita Bibi Fusae aliyekuwa amejibanza penye kona ya jikoni akimtazama, akatoka kwenye theluji.

Uwanja ulikuwa umejaa. Pombe ya mchele ilikuwa ikizunguka kwenye vikombe vya mianzi, na wale wanane huko juu walikuwa wakiimba kwa sauti za kukwaruza, miguu ikining'inia.

"Shukeni, nyie vibabu," mtu wa mienge alipiga kelele, "kabla makalio hayajaiva."

"Njoo unishushe mwenyewe, mtoto wa muuza tofu," alijibu Tetsuji. "Mwenge wako mfupi kama wewe."

Watu wakacheka. Kundi la kwanza la mienge likauvamia mnara, vijana wakaipiga mienge kwa matawi ya misonobari, cheche zikaruka. Kisha mienge ikazimika. Haikuzimika yote pamoja. Ulizimika mmoja, kisha wa pili yake, kisha uliofuata, kama kwamba kuna mtu anayetembea kuuzunguka mnara na kuminya kila ncha kwa vidole. Wakawasha upya, ikazimika tena palepale kwenye kamba. Hapakuwa na upepo. Vicheko vikapungua. Mzee Domon, mwenyekiti wa kamati ya moto, aliyekuwa amesimama na taa yake ya karatasi mahali pa heshima, akasema bila kupaza sauti, "Endeleeni. Imbeni."

Mineko alikuwa amesimama mbali, mgongo wake umegusa ukuta wa ghala, kama alivyoambiwa. Na pale pale ukutani hasira ikaanza kupanda ndani yake, si ile aliyotoka nayo nyumbani kwa Bibi Fusae, ambayo ilikuwa yake na alijua mwanzo wake, bali nyingine, ya zamani, iliyokauka na kuwa ngumu, hasira ya mtu aliyesubiri mlango ufunguliwe mpaka akajua hautafunguliwa, nayo ikampanda miguuni na magotini na tumboni na kumjaa kooni, na miguu yake ikaanza kwenda, akaiona ikienda, akaona watu wakimpisha bila kujua kwa nini wanampisha, akaiona kamba ya majani ya mpunga ikija na kugusa kifua chake na kukatika kama uzi wa buibui, na mdomo wake ukafunguka.

"Kanzo Kurihara," alisema. "Maji yangu yako wapi?"

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya msichana, na ilikuwa imeungua.

Huko juu Tetsuji aliacha kuimba. Kanzo Kurihara lilikuwa jina la baba yake, na alikuwa amezikwa miaka tisa iliyopita.

"Nimeomba tangu jana jioni," sauti iliendelea. "Nasikia ndoo ngazini. Mbona haifiki?"

Mzee Domon aliinua taa yake. "Mtoeni huyo," alisema. "Amelewa."

Mineko hakuwa ameonja hata tone. Alijaribu kulisema hilo, na kitu kilichokuwa kimemkalia kifuani kilicheka, kicheko kisicho na furaha yoyote, kana kwamba neno hilo kilishalisikia. Wanaume wanne walimkamata mikono na miguu. Wawili walimwachia wakilamba viganja vilivyobabuka, wakajifunga vitambaa, wakamkamata tena, wakambeba mpaka nyumba ya Bibi Fusae, wakampandisha ngazi, wakamlaza katika chumba cha kona juu ya godoro lile lile. Wakaondoka haraka. Mlango haukufungika vizuri.

Mgongo wake ulikuwa ukiwaka. Alihisi malengelenge yakiinuka chini ya shati, moja baada ya jingine, bila moto. Alitaka maji, akaifungua midomo, ikatoka ile noti moja, chini kidogo ya la. Na kupitia upenyo wa mlango akawasikia.

"Ni yeye," alisema Mzee Domon.

"Najua ni yeye." Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi Fusae. "Kila mwaka nikiweka mgeni humu, anaondoka naye. Asubuhi tumpandishe basi, mwaka mzima nyumba inatulia."

"Hajawahi kufanya haya uwanjani."

"Hajawahi kumwona mtoto wa Kanzo juu ya mnara. Kwa nini unadhani nilitafuta mwanamke wa peke yake mwaka huu? Nilitaka ashibe huku, asitoke."

"Na huyu akifa?"

"Hawafi. Huugua tu. Wako mbali, hatuwasikii tena."

Mineko alilisikia kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu avuke kamba, kitu kilichokuwa chake mwenyewe kikaamka ndani yake. Alikuwa mgeni wa watu hawa. Alikuwa amekula chakula chao na kuwashukuru. Akajivuta kwa viwiko mpaka mlangoni, akapitisha mkono kwenye upenyo, akamshika Bibi Fusae kifundo cha mguu.

"Ulijua," alisema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo lakini yake. "Ulinitandikia nilale naye. Ulijua."

Bibi Fusae alijaribu kuuchomoa mguu, akashindwa.

Ndipo mabuti yaliposikika ngazini. Hakuna mtu aingiaye nyumba ya mwenzake na mabuti, kwa hiyo hata Mzee Domon aligeuka. Aliyepanda alikuwa Shige Aizawa, mwanamke wa miaka sitini ambaye mchana alisafisha theluji barabarani kwa trekta la kijiji, na jioni aliitwa na watu waliosumbuliwa na wafu wao. Alikuwa bado na koleo la theluji mkononi. Akaliegemeza ukutani.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Thelathini na mmoja mwaka huu, na sauti yake haijazeeka hata kidogo."

"Shige, mtulize haraka watu warudi kwenye moto," alisema Mzee Domon.

Shige alimpita. Alipiga magoti, akatoa ndani ya koti upinde mdogo wa mti usio na mshale, akaupiga uzi wake kwa kucha. Uzi ukalia. Mineko aliijua noti hiyo. Akapiga tena, tena, mpaka pumzi na uzi vikaenda pamoja.

"Natsue," Shige aliita. "Natsue Okabe. Unataka nini?"

"Maji," mdomo wa Mineko ulijibu.

"Na nini kingine?"

Harufu ya nywele ikazidi mpaka Bibi Fusae akafunika pua.

"Waseme."

Shige aliweka upinde chini. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira. "Umesikia, Domon? Sema basi. Mwambie huyu dada amebeba nini mgongoni."

"Funga mdomo."

"Nimeufunga mpaka meno yameoza humo ndani." Akamwinamia Mineko na kumwambia yeye, kwa sauti ya chini, neno kwa neno. "Alikuwa mgeni kama wewe. Miaka ishirini na minne, mwalimu wa watoto wadogo. Aliisogelea kamba, akaikanyaga kwa bahati mbaya. Kanzo aliongoza mienge mwaka huo, na yeye ndiye aliyekuwa amelewa, si msichana. Akamsukumia mwenge usoni kumfukuza, eti mwanamke ndani ya kamba huharibu moto. Koti lilikuwa la nailoni. Wakamzima kwa theluji wakamleta hapa, kwenye godoro hili, na daktari hakuitwa, maana daktari angeita polisi na polisi wangevunja sherehe. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa jikoni. Nilikuwa na ndoo mkononi. Huyu mzee alinizuia pale ngazini. Akasema nitafanya kelele, wageni watasikia. Nikasimama na ndoo yangu. Alikata roho alfajiri."

"Ilikuwa ajali," alisema Mzee Domon.

"Mliwaambia polisi alilewa akaangusha jiko la mafuta chumbani. Wazazi wake walikuja. Baba yake aliweka paji la uso sakafuni huko chini akaomba radhi kwa mikeka yetu iliyoungua. Na wewe Fusae ukaipokea radhi yake."

"Ningefanya nini?" Bibi Fusae alisema kwa meno yaliyoumana. "Nilisema aitwe daktari, Kanzo akanipiga mbele yenu wote, wewe ulikuwepo. Kisha akafa akaniachia mimi. Mimi ndiye ninayefua shuka hilo kila mwaka. Unadhani sina uchungu?"

"Uchungu unao. Ila umewapelekea wageni."

Kelele za uwanjani zilibadilika. Hazikuwa tena za watu wanaonong'onezana. Shige akafungua dirisha. Kileleni mwa mnara, mahali ambapo hakuna mwenge uliofika, majani yalikuwa yakitoa moshi kutoka ndani, na moshi ukaanza kuwa mwekundu. Wale wanane walikuwa wamesimama wameshikana. Mtu aliweka ngazi, ikaungua alipoiegemeza. Mwingine akakimbilia bomba la maji, mzee mmoja wa kamati akamshika mkono: moto huu haumwagiwi maji, haijawahi kutokea.

"Tetsuji," alisema Bibi Fusae.

"Siwezi kumfukuza mtu aliyelazwa humu kwa uongo," Shige alimwambia. "Nikimfukuza leo, kesho atakuwa juu ya paa lako. Nenda ukaseme. Usiniambie mimi, mimi ninajua. Waambie wao."

Mzee Domon alimshika Bibi Fusae kwenye mkono wa kimono. "Fikiria kijiji. Watafunga sherehe. Miaka mia tatu, Fusae, utaimaliza kwa mdomo wako?"

Bibi Fusae aliutazama ule mkono. Kisha alijinyofoa kwa nguvu mpaka mshono ukafumuka, akashuka ngazi, akatoka kwenye theluji na soksi.

Shige alimwinua Mineko na kumwegemeza dirishani, na kutoka pale, na mgongo unawaka na ile pumzi ngeni ikitoka puani mwake kwa haraka kama ya mtu anayesikiliza jina lake likikaribia kutajwa, Mineko alimwona yule kikongwe akiwapasua watu kwa viwiko mpaka penye kamba iliyokatika, akamwona akigeuka awatazame majirani aliokaa nao maisha yake yote, na akamsikia.

"Natsue Okabe hakulewa," Bibi Fusae alisema, na ilikuwa sauti ya kugomba, kama anayewasuta watu kwenye kisima. "Mume wangu alimchoma hapa. Hapa niliposimama. Mlimwona. Wewe ulimwona, na wewe, na wewe ulishika miguu yake kumbeba. Aliomba maji usiku kucha nyumbani kwangu, na sikumpa, kwa sababu niliogopa kibao kingine. Tukawadanganya wazazi wake, wakatuomba msamaha. Na tangu siku hiyo nimewalaza wageni kitandani mwake ili awale wao asitule sisi. Haya nimesema. Mshusheni mwanangu."

Moto wa kileleni ukasimama, haukupanda wala kushuka. Kisha yule kijana wa bomba akamsukuma mzee wa kamati akaanguka kwenye theluji, akafungua maji. Maji yalipogusa chini ya mnara, moto wa juu ukazimika mara moja, kama mshumaa uliominywa. Wanane wakateremka kwa kamba. Tetsuji alishuka wa mwisho, viganja vyake vimechubuka nyama nje, akampita mama yake bila kumgusa.

Shige alimpa Mineko maji kwa bakuli. Alikunywa mabakuli manne. Matatu ya kwanza hakuyahisi yakipita kooni mwake. La nne alilihisi, baridi mpaka tumboni, na akaanza kulia.

"Ameondoka?" aliuliza.

"Ametoka kwako." Shige aliokota upinde wake. "Sijasema ameondoka."

Asubuhi, Mzee Domon alikuja na wajumbe wawili wa kamati. Walikaa kwa adabu zote, wakasema Bibi Fusae alichanganyikiwa kwa hofu ya mwanawe, jambo la kawaida kwa mzazi, na kwamba mgeni naye, kwa baridi ile na pombe ile, pengine alisikia yasiyosemwa. Wangeshukuru kama angeelewa hivyo.

"Sikunywa," alisema Mineko. Alikuwa amekaa wima kwa sababu mgongo haukumruhusu kuegemea. "Mniite mwongo ana kwa ana, nisikie. Lakini mkisema tena mbele yangu kwamba mwanamke fulani alilewa, nitavua shati hili stesheni na kumwonyesha kila mtu."

Tetsuji alikuwa mlangoni, mikono imefungwa bandeji. Alisema anakwenda mjini kwa polisi, na yeyote anayetaka kumzuia ajaribu. Wajumbe waliondoka. Lakini kufikia saa nne, nusu ya kijiji walikuwa wameshakubaliana kwamba Fusae Kurihara ana wazimu, na kwenye mlango wa nyumba yake mtu alikuwa amemwaga jivu.

Mineko alimkuta jikoni.

"Mama yake Natsue yuko hai?"

Bibi Fusae alifuta mikono. Kisha akatoa karatasi yenye anwani kwenye droo, ya manjano kwa uzee. Baba wa Natsue ndiye aliyeiacha, endapo nyumba ingekuwa na lalamiko jingine. "Baba alifariki. Mama hutuma kadi kila mwaka mpya. Anaendelea kuomba radhi."

"Vaa koti," alisema Mineko.

"Sina uso wa kumtazama."

"Hujaulizwa kama una uso."

Safari ilichukua saa nne kwa treni, na behewa lilikuwa limejaa. Watu walisimama mpaka mlangoni. Kiti kilichokuwa kando ya Bibi Fusae kilibaki kitupu njia nzima. Kila aliyekikaribia alisita, akakunja pua, akasogea mbele. Bibi Fusae hakugeuza shingo hata mara moja.

Bi. Kimiyo Okabe alikuwa na miaka themanini na mmoja, mdogo wa umbo, nywele fupi nyeupe. Aliwafungulia mlango mwenyewe. Alimtambua Bibi Fusae, akaanza kuinama, akasema anaona aibu kuwa nyumba yake si nadhifu. Kisha akatazama nyuma ya bega la mgeni wake, pasipokuwa na mtu, na akanyamaza. Aliwapisha. Alikaa kando ya mlango muda mrefu kuliko wanaouhitaji watu wawili kuingia, ndipo akaufunga.

Bibi Fusae alisema yote akiwa amepiga magoti. Hakulia. Alisema mwenge, na koti, na chumba, na ndoo, na polisi, na wageni wa miaka yote. Bi. Kimiyo alisikiliza na mikono mapajani. Bibi Fusae alipomaliza, paji la uso wake likiwa sakafuni, Mineko alisikia saa ya ukutani ikienda mbele nusu nukta kuliko inavyopaswa.

"Mume wangu alikufa akiamini binti yake alikuwa mlevi," alisema Bi. Kimiyo. "Tulihama mji kwa aibu. Sikuweka picha yake ukutani. Miaka thelathini na mmoja sijaweka picha yake ukutani."

"Nisamehe," alisema Bibi Fusae.

"Sijasikia vizuri. Rudia."

"Nisame..."

"Si hilo. Yote. Tangu mwanzo."

Bibi Fusae akarudia. Sauti ilimkatika katikati, akaendelea. Alipofika mwisho, yule mama hakusogea.

"Rudia," alisema.

Mara ya tatu ilipoanza, mwanga dirishani ulikuwa umeshafifia. Mineko alielewa kwamba hapo yeye hahitajiki tena, na kwamba hakuna atakayemwambia Bibi Fusae ainuke, si leo. Alinyanyuka kimya akaenda mlangoni. Alikuwa ameinama anafunga viatu, mgongo unamuuma, aliposikia kutoka ndani sauti ya Bi. Kimiyo, tulivu kabisa, na pembeni yake, hafifu, pumzi ya mtu wa tatu anayengoja kusikiliza.

"Umeruka sehemu," ilisema sauti hiyo. "Rudia. Anzia pale alipoomba maji."